Wati 600 za Kwenye Stika

Kompyuta ilizima tena, kazi ikiwa imefika asilimia 63. Hakukuwa na onyo, skrini haikugeuka bluu, hakukuwa na moshi wala harufu. Ilikuwa "tik" moja tu kutoka nyuma ya kasha, kisha feni zikapunguza mbio taratibu hadi zikasimama, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Ilikuwa mara ya nne usiku ule, na filamu fupi niliyokuwa naitoa, yaani kuigeuza kuwa faili kamili, ilikuwa inasubiriwa na mteja asubuhi.

Ilikuwa 2021, mwaka ambao kadi za grafiki zilisakwa kama dawa. Nilipobahatika kupata RTX 3070 nilijiona mshindi, nikajenga kompyuta nzima kwa ajili yake: prosesa Ryzen 7 5800X, RAM gigabaiti 32, SSD mbili, na kasha lenye kioo ubavuni ili watu waone. Kila kifaa nilikisomea wiki kadhaa. Kimo cha feni ya prosesa nilikuwa nakijua kwa milimita. Pawa saplai, lile boksi linaloupokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vyote, peke yake ndiyo sikuisomea, kwa kuwa nilikuwa nayo tayari. Niliing'oa kwenye kompyuta yangu ya zamani, ambayo ilikuwa na prosesa Core i5-6500 na kadi GTX 1060, na huko ilinitumikia miaka mitano bila kukohoa. Ubavuni ilikuwa na stika nyekundu, maandishi makubwa kama ya bango la barabarani: 600W. NVIDIA, waliobuni kadi ile, wanaipendekezea 650. Nikajiambia, 50 ni kitu gani? Hao wanaongeza tu kwa woga. Na hela, niseme ukweli, ilikuwa imeishia kwenye kadi.

Wiki mbili za kwanza nilitamba nayo. Kazi zangu zilikuwa ndogondogo, na michezo niliyocheza haikuitoa jasho. Ilianza kuzima nilipoanza kuisukuma kwelikweli.

Mambo niliyofanya kabla ya kuupata ukweli naona aibu kuyasimulia. Nilichomoa RAM nikazijaribu moja moja usiku kucha. Nilifuta draiva za kadi nikaziweka upya, mara mbili. Nilifungua feni ya prosesa, nikapangusa ile krimu ya kupitisha joto, nikapaka nyingine, ingawa joto halikuwa na tatizo hata kidogo. Nilisoma kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, nikakuta kila mahali Kernel-Power namba 41. Namba hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Ni kama kumuuliza mtu aliyeanguka kilichomwangusha, naye akakujibu, "Nilianguka."

Kilichonipoteza zaidi ni jaribio nililoliamini. Niliipa prosesa mzigo wote peke yake kwa saa nzima, ikahimili. Nikaipa kadi mzigo wote peke yake kwa saa nzima, nayo ikahimili. Nikahitimisha kwamba vifaa vyote ni vizima, mkosaji ni programu ya kuhariri video. Nilishaanza hata kuandika malalamiko marefu kwa walioitengeneza. Nashukuru sikuyatuma.

Usiku ule wa asilimia 63 nikampigia dada yangu mkubwa. Dada ni fundi umeme wa viwandani, mtu wa mota na mapaneli. Hajawahi kuunga kompyuta hata siku moja.

"Dada, samahani, najua ni usiku."

"Niko zamu. Sema."

Nikamweleza yote, mpaka krimu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza.

"Ikishazima, ukibonyeza kitufe inawaka?"

"Haiwaki. Mpaka nizime swichi ya nyuma, nisubiri kidogo, niwashe tena. Hiyo ndiyo tabia yake."

"Tabia yake!" Nilimsikia akicheka puani. "Mdogo wangu, hiyo ni kinga imeruka. Haikubali kuwaka mpaka uiweke sawa, kama breka ya kwenye paneli. Kuna mlaji humo ndani anadai kuliko anachopewa."

"Haiwezekani. Ni ya wati 600."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa kwenye bango. Nisomee jedwali."

Sikujua hata kama lina jedwali. Nilifungua ubavu wa pili wa kasha, ule usio na kioo, nikalala sakafuni na tochi ya simu mdomoni. Stika ile nyekundu ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili, uliogeukia ndani, palikuwa na karatasi nyeupe yenye mistari midogo na vumbi la miaka mitano. Nikaifuta kwa kidole gumba, nikasoma kama mtoto anayesoma ubao. Volti 3.3, ampea 28. Volti 5, ampea 32. Kisha mistari miwili ya volti 12: 12V1, ampea 18, na 12V2, ampea 18.

"Prosesa yako na hiyo kadi vinakula volti ngapi?"

"Kumi na mbili. Vyote."

"Basi hizo nyingine achana nazo. Kumi na mbili unapata ngapi?"

Nikajumlisha 18 na 18, nikapata ampea 36, mara volti 12, wati 432. Nikapumua. Nikamwambia zinatosha.

"Chini yake hapana mstari mwingine?"

Ulikuwepo, maandishi madogo kuliko yote. Ulisema kwamba 12V1 na 12V2 kwa pamoja zisizidi wati 360. Yaani ni chanzo kimoja kimegawiwa milango miwili. Kila mlango unapitisha ampea 18, lakini si yote miwili kwa wakati mmoja.

Hesabu ya walaji nilikuwa nayo kichwani, maana hivyo ndivyo vitu nilivyosomea kwa mapenzi. Kadi wati 220. Prosesa kwenye boksi imeandikwa 105, ila hiyo ni namba ya kupangia upoozaji. Ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, 5800X inaruhusiwa kuvuta hadi 142. Nikamtajia: 220 na 142.

"Mia tatu sitini na mbili," akasema kabla yangu. "Na feni? Na ubao mama? Na hizo diski?"

"Sijazihesabu."

"Kamba hukatikia pembamba. Umeiona sasa pembamba yako?"

Niliiona. Prosesa peke yake 142, ikapita. Kadi peke yake 220, ikapita. Programu ya video ndiyo iliyokuwa inavituma vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana niliisingizia. Na ile kompyuta ya zamani, iliyonifanya niiamini pawa saplai hii kama ndugu, ilikuwa na kadi ya wati 120 na prosesa ya 65. Miaka mitano yote haikuwahi kuibebesha hata theluthi moja ya zile 600.

Kilichoniudhi ni kwamba hawakudanganya. Ukichukua zile 360, ukaongeza 220 zilizoruhusiwa kwa volti 3.3 na volti 5 kwa pamoja, na ampea chache za mistari mingine midogo ya umeme, unafika 600 kasoro kidogo. Zipo. Ila zaidi ya theluthi moja imewekwa mahali ambapo kompyuta ya leo haina mlaji wa maana. Zamani prosesa zilikuwa zinachukua umeme wao kwenye volti 5, kisha zama za Pentium 4 mzigo huo ukahamia kwenye 12, lakini wapo waliobaki wanatengeneza kwa mgawo wa kale na kujumlisha kwa namba ya kisasa.

Kabla ya kukata simu dada aliuliza kama kadi inaweza kubanwa ili ile umeme kidogo. Inaweza. Nikafungua programu ya kadi, nikashusha ukomo wa umeme hadi asilimia 70, yaani wati 154, nikaanza upya. Ilichukua muda mrefu kidogo, ila ilifika mwisho saa kumi na moja alfajiri. Nikatuma faili, nikalala na viatu.

Nilipoamka nilikuwa nimeshaamua: nanunua ya wati 1000, nisije nikasumbuka tena. Mtu aliyeumwa na nyoka. Dada alinikatalia.

"Hata ukinunua ya 1000 haitakula 1000, inatoa unachodai tu. Lakini ukubwa wote huo wa nini? Mlaji wako ni 400 na kitu."

"Kwa hiyo 500 inatosha?"

"Mota unazijua? Mota ikianza kuzunguka inadai mara tano, hata mara saba ya umeme wake wa kawaida, kwa muda mfupi sana. Ukinunua waya wa kutosha mota inayotembea, utalia siku ya kuiwasha. Kaangalie hiyo kadi yako kama haina hulka hiyo."

Nikaenda kuangalia, na kweli inayo. Si mara tano, lakini kadi za kizazi kile zina sifa ya kuruka juu ya wati zao kwa milisekunde chache, mruko ambao kipimo cha kawaida cha kwenye skrini hakiuoni, ila kinga ya pawa saplai inauona. Kumbe 650 ya NVIDIA, niliyoiita ya woga, ilikuwa na nafasi ya miruko hiyo ndani yake. (Mwaka uliofuata ikatoka ATX 3.0, kanuni mpya ya utengenezaji wa pawa saplai, ambayo inaitaka pawa saplai ivumilie miruko ya hadi mara mbili ya wati zake kwa sekunde moja iliyogawanywa mara elfu kumi. Nilipoisoma nilimtumia dada. Alijibu kwa kidole gumba tu.)

Nilichukua ya 750, daraja la Gold, ambalo ni daraja la kutopoteza umeme ovyo. Sababu zangu: mlo wangu wote, feni na diski zikiwemo, unakaribia 420, na hapo inafanya kazi kidogo juu ya nusu ya uwezo wake, mahali ambapo Gold inapoteza umeme kidogo kabisa kama joto. Nafasi inayobaki ni ya miruko, na kadi ya baadaye Mungu akijalia. Jedwali nililisoma kabla ya jina la kampuni. Mstari wa 12 ulikuwa mmoja, ampea 62. Nikazidisha palepale: wati 744. Hiyo ndiyo 750.

Kufunga hakukuwa na hadithi, isipokuwa jambo moja. Kadi yangu ina matundu mawili ya pini 8, na kwenye ile pawa saplai ya zamani nilikuwa nimelisha yote mawili kwa kebo moja yenye vichwa viwili, kwa kuwa ilipendeza kwenye kioo. Safari hii nilivuta kebo mbili tofauti, mzigo ugawanyike. Haipendezi.

Jioni nikaufungua mradi uleule, ukomo wa kadi nimeurudisha asilimia 100, nikabonyeza kitufe cha kutoa. Niliinama karibu na kasha nikisikiliza feni. Asilimia 40. Asilimia 58. Ilipofika 62 nilishtuka kukuta mkono wangu uko nyuma, kidole juu ya swichi, unasubiri "tik".

Simu ikawaka. "Imefika ngapi?"

Nikasubiri namba ibadilike ndipo nikamwandikia. "64."

"Haya, lala."