Asilazwe Chali

Juzi binti yangu, yule asiyekosa swali, kaniuliza mbona kaka yake analalia mito mitatu. Nikamjibu amezoea tu. Na kweli, kifua chake kilishapona zamani. Ila kuna aliyemzoesha.

Ya kabla ya hapo nayapita: kikohozi, dawa za pumu za zahanati, tezi shingoni, safari ya Muhimbili, eksirei yenye weupe uliojaa katikati ya kifua. Limfoma, wakasema, saratani ya tezi. Alikuwa na miaka sita.

Sista wa zamu hakuanza na faili.

"Baba, huyu analalaje?"

Amekaa, nikamwambia, kaegemea kifua cha mama yake.

"Asubuhi uso unavimba?"

Unavimba. Akainama kumtazama shingo, mishipa imetuna kama kamba. Akamwambia ajaribu kuegemea nyuma, kidogo tu. Mtoto akaegemea, midomo ikaanza kubadilika rangi, sista akamwinua haraka. "Basi, basi, baba, kaa." Akachana plasta, akaandika ASILAZWE CHALI, akaibandika kichwani mwa kitanda.

Haukupita muda akaja kijana na machela, mtoto anatakiwa kwenye kipimo cha CT. Sista akasimama mbele ya kitanda. Sauti hakuipandisha. Akasema huyu akilazwa kwenye ile mashine, uvimbe utaukandamiza mrija wa hewa. Na akipewa dawa ya usingizi atulie, misuli ikilegea, hata mpira wa kupumulia unaweza usipite. Kijana akasema fomu imeshasainiwa.

"Basi mwite aliyesaini."

Wakabaki wanatazamana. Mimi nimeshika mkono wa mtoto, nahesabu pumzi zake na sijui nahesabu ili iwe nini. Daktari akaja, akaisoma ile plasta, akaangalia shingo, machela ikarudi tupu.

Mengine yalikwenda mbio. Kipande cha tezi kilikatwa shingoni kwa ganzi, mtoto amekaa mapajani mwangu. Ikaanza prednisolone, dawa ya kunyweza uvimbe, ikaja dripu, alopurinoli ya kulinda figo uvimbe ukiyeyuka, mkojo kupimwa kila mara. Siku chache tu uso ukanywea, akaanza kudai chipsi mayai saa nane za usiku. Hiyo prednisolone ina njaa yake, waliouguza wanajua.

Nilipoanza kupumua, sista akanikatisha. Dawa za saratani za dripu zitashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, akasema, na wiki ya pili hivi ndipo nimonia hutafuta mlango. "Akilala, hesabu pumzi dakika nzima. Zikizidi 30 niite, usisubiri akohoe."

Ikawa hivyo hivyo. Pumzi zilipanda kabla ya kikohozi, homa ikafuata, na antibiotiki na oksijeni vikaanza usiku uleule.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. "Sijatabiri kitu, baba. Nilimwangalia shingo." Akanituma dirisha la dawa kabla halijafungwa.

Watu wangu wakisema yule dada ndiye aliyemwokoa mwanetu, naitikia, lakini kwa nusu. Mtoto wa kitanda cha pili naye alibandikiwa plasta hiyo hiyo, mwandiko ule ule, na mama yake alihesabu pumzi kuliko mimi. Huyo hakutoka. Kila nikitaka kuwaeleza wazazi wengine faida ya kujua mapema, namkumbuka yule mama, na maneno yananipungukia.