Kompyuta Iliyogoma Kila Asubuhi, na Diski Iliyosingiziwa Kufa

Kompyuta ya mezani tunayoitumia katika steshenari yetu ilianza kugoma asubuhi. Feni ilizunguka, nembo ya mtengenezaji ikajitokeza, kisha skrini ikawa nyeusi na kuonyesha mstari mmoja wa maandishi uliosema kuwa hakuna diski ya kuanzia. Fundi wa jirani alitoa hukumu bila hata kufungua boksi: diski imekufa, inunuliwe nyingine. Kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kazi za wateja, niliona afadhali niikague kwanza.

Niliizima, nikaiwasha huku nikibonyeza F2 mfululizo hadi bayosi, programu ndogo ya ndani inayoamka kabla ya Windows, ikafunguka. Diski ilikuwa imeorodheshwa kwa jina lake na ukubwa wake wa GB 500, maana yake nyaya zimeshika na diski yenyewe inaitika. Kilichonishtua ni saa, ambayo ilisoma Januari 1, 2012, usiku wa manane na dakika chache. Bayosi iliyosahau tarehe aghalabu huwa imesahau na mipangilio mingine, na kweli, hali ya kuwashia ilikuwa imerudi kwenye ile ya zamani, Legacy, ilhali Windows yetu ilisakinishwa kwa UEFI, hali mpya ya kuwashia. Katika hali ya zamani kompyuta hutafuta maelekezo ya kuanzia katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu. Lakini diski ya Windows iliyopangwa kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski unaoendana na UEFI, huyaweka maelekezo yake katika faili zilizomo kwenye sehemu ndogo yenye muundo wa faili uitwao FAT32. Kompyuta ilikuwa ikipekua mahali pasipo na kitu.

Nilirudisha UEFI, nikahifadhi kwa F10, Windows ikafunguka, nami nikaanza kwa kunakili kazi zote kwenye diski ya nje. Mchana kutwa ilizimwa na kuwashwa bila tatizo; asubuhi iliyofuata, baada ya swichi ya ukutani kuzimwa usiku, ikagoma vilevile. Hapo nikaishuku betri, kwa sababu umeme wa ukutani ukiwapo ndio unaoitunza kumbukumbu ya bayosi, na ukikatwa, kazi hiyo huachiwa betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Multimita, yaani kipima umeme, ilisoma volti 2.1 badala ya 3.

Nilichomoa waya wa umeme, nikasukuma kibano kwa ncha ya bisibisi, betri ikachomoka, nikaweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Tarehe niliirekebisha papo hapo, maana ikiwa nyuma kwa miaka, kivinjari hukataa tovuti nyingi kwa kuona vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Nilihakikisha pia kwamba diski inasomwa kwa AHCI, njia ya kompyuta kuwasiliana na diski, kama zamani, kwani mpangilio huo ukibadilika Windows inaweza kuishia kwenye skrini ya bluu. Kama diski isingeonekana kabisa kwenye bayosi, ningeanza na waya wa SATA unaoiunganisha na mazabodi. Na kama ingekuwa inagongagonga, nisingeiwasha tena kabla ya kumpata mtaalamu wa kuokoa data.