Vumbi liacheni, mavi ya ndege yaondoeni

Jumapili jioni, mwezi wa nane

Tabora mwezi wa nane ni vumbi tu. Mvua zilikatika zamani, na mpaka Novemba hakuna anayetegemea tone. Ukipaki mahali asubuhi, saa sita unaweza kuandika jina lako kwenye buti kwa kidole. Wapo wanaoandika kweli, na wengine huongeza "niosheni". Mimi nina gari jeusi, kwa hiyo nimezoea kupewa pole. "Dada, hili gari utaosha lini?" Naosha Jumamosi, kama kawaida. Ninachotaka kuandika leo ni hizo siku za katikati, maana naona wengi wetu tunahangaikia uchafu usio na madhara na kuuachia ule unaokula rangi.

Vumbi likitulia juu ya rangi bila kuguswa, halina neno. Shida inaanza mkono unapokuja na kitambaa kikavu. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kupita kioo, seuze ile safu angavu iliyopakwa juu ya rangi ya gari. Kulifuta kavu ni kupiga msasa. Nenda ukaangalie boneti za gari zinazofutwa kila asubuhi, jua likiwa linapiga: utaona mikwaruzo myembamba kibao, inayojipanga kuzunguka pale mwanga unapong'aa. Hiyo haikuletwa na barabara ya vumbi ya kwenda Kwihara. Imeletwa na usafi.

Ila kwetu kumfutia mtu gari ni heshima, na hapo ndipo penye ugumu. Mlinzi wa kazini kwetu ni mzee wa Kinyamwezi, mtu mzima sana, ananiita binti yake. Kila asubuhi alikuwa ananifutia gari kwa kipande cha fulana kuukuu, na kile kitambaa akikikung'uta unaona wingu. Unamwambiaje mzee aache kukutendea wema? Nilimpa shikamoo yake, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo nikasema.

"Babu, nina ombi. Vumbi uniachie."

"Watu watasema gari la binti yangu halina mwenyewe."

"Waache waseme. Wewe nilindie ndege tu."

Alicheka, halafu akauliza ndege wamefanya nini. Nikamwonyesha doa kwenye paa, juu ya mlango wa dereva, pale kinyesi kilipokauka na kubanduka. Rangi imefifia kwa ukubwa wa sarafu ya shilingi, na ukipitisha ukucha unahisi kingo zake. Hakuna polishi ya dukani itakayoliondoa, ni kazi ya fundi rangi. Ile sehemu nyeupe ya mavi ya ndege ina tindikali, na jua hulisaidia: bati likipata moto, ile safu ya juu hulainika na kutanuka; jioni ikipoa hujikaza, ikiwa imelishika doa. Kwa jua la hapa, saa chache zinatosha. Ndiyo maana hili halingoji Jumamosi. Sasa kwenye kibanda cha babu kuna chupa ya kunyunyizia maji na vitambaa laini vya maikrofaiba. Akiona doa, analowanisha, anafunika kwa kitambaa kilicholowa, anaenda kufungulia watu geti, anarudi kulinyanyua. Hasugui. Kwenye kinyesi cha ndege mna mbegu na changarawe, ukisugua umekwaruza tena.

Halafu kuna mwembe. Nani atapaki juani Tabora wakati kila mtaa una mwembe wake? Mimi bado napaki kivulini, na najua ninacholipa. Mwembe ukiwa na maua, gari linapata matone madogo yanayonata, mengi kama manyunyu. Watu huyaita utomvu, lakini mengi ni ya wadudu wadogo wanaofyonza maua, na yana sukari. Sukari inayeyuka kwa maji, hasa ya uvuguvugu, kwa hiyo hayana taabu ukiyawahi. Utomvu wenyewe ni ule unaochuruzika kikonyo cha embe kinapokatika, ule unaounguza midomo ya watoto. Huo una mafuta, maji hayauwezi. Naulainisha kwa spiriti kidogo kwenye pamba, nasuuza mara moja, kisha pale narudishia nta, kwa sababu spiriti huiondoa nta pia.

Nta nayo ina kisa. Mkoa wa asali huu, ndugu hawakosi kukushauri. Binamu yangu wa Sikonge aliniletea bonge la nta ya nyuki, safi, inanukia, akasema ya nini kununua kopo la dukani. Niliipokea kwa mikono miwili, ninaitumia kwenye viatu na meza. Kwenye gari hapana. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi, na boneti jeusi lililoshinda juani linaweza kufika huko. Ikilainika inanata, na kinachonata Agosti kinakusanya vumbi. Nta nyingi za makopo huchanganywa na karnauba, nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi na michikichi, ambayo huvumilia mpaka nyuzi 80 na kitu. Gari lililopakwa hiyo halishikwi sana na uchafu. Vumbi jingi linaondoka lenyewe ukiingia lami ya Nzega.

Siku ambayo lazima gari liwe na sura, labda kuna harusi au mgeni wa kumpokea stesheni, natumia bomba la kunyunyizia, lile la wakulima wa tumbaku. Nasisitiza liwe jipya, lisiwe limewahi kuguswa na dawa. Maji yake hata ndoo hayajai, na ya kisimani naogopa, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ya chokaa. Nafanya alfajiri, bati likiwa baridi. Nanyunyizia kutoka paani kushuka chini, mchanga uondoke wenyewe, ndipo napitisha kitambaa kilicholowa, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Kitambaa kimekunjwa mara mbili, upande ukichafuka nageuza. Upande ulioanguka chini haurudi kwenye gari. Chini ya milango na kwenye madigadi sigusi, kule mchanga ni mwingi, pasubiri ndoo na sabuni ya gari. Sabuni ya unga ni ya nguo, inaondoa nta.

Turubai nilishauriwa nikakataa. Ukifunika gari lenye vumbi, upepo unalitikisa turubai usiku kucha na kazi ya kitambaa kikavu inafanyika bila mtu. Kwa vioo ni hivyo hivyo: usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, rusha maji kwanza.

Novemba mambo yatageuka. Kumbikumbi wataanza kutoka, na ukitembea usiku baada ya mvua ya kwanza bampa linajaa mabawa na miili yao. Wakikauka juani wanashika kweli, na mabaki yao nayo hula rangi. Msimu huo nabeba galoni la maji na gazeti kuukuu kwenye buti. Nikifika nalowanisha gazeti, nalibandika kwenye bampa, naingia kula. Nikimaliza wali, kumbikumbi wanatoka na gazeti.