Kompyuta za Ghorofa ya Juu, Chake Chake

Disemba 2019 niliamini kwamba nimeshaimaliza kazi ya kuzihamisha kompyuta za ofisi yetu kutoka Windows 7 kwenda Windows 10. Microsoft ilikwishatangaza kuwa tarehe 14 Januari 2020 ingeacha kutoa masasisho ya usalama ya mfumo ule wa zamani, yaani siku mbili tu baada ya Sikukuu ya Mapinduzi, na mkuu wangu hakutaka siku hiyo itukute na mashine hata moja iliyobaki nyuma. Unguja kazi ilikwenda vizuri: niliutuma mfumo mpya kwa kutumia Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kuzisimamia kompyuta nyingi kwa pamoja, mashine zikajisasisha usiku, na asubuhi watumishi hawakulalamikia kitu isipokuwa sura ya menyu. Katika tawi letu la Chake Chake, kompyuta 11 ziligoma.

Kwa siku tisa mfululizo ripoti niliyokuwa nikiifungua Mjini ilisema jambo lile lile, kwamba mashine hizo zinasubiri faili za kupakua. Nami nililifasiri nilivyopenda: mtandao wa kwenda Pemba ni wa polepole, mzigo ni wa gigabaiti kadhaa, basi tuzipe muda. Nilichopaswa kujiuliza ni kwamba zinasubiri kutoka wapi, maana seva ndogo ya tawi lile ilikuwa na nakala kamili ya faili hizo, na aliyeipeleka ni mimi mwenyewe. Sikujiuliza. Mkuu alipochoka kusikia kuwa zinasubiri, alinikatia tiketi ya boti hadi Mkoani, bandari ya Pemba.

Nilipofika Chake nilipoteza asubuhi nzima nikizima na kuwasha, nikiusakinisha upya ule wakala, yaani programu ndogo inayoiunganisha kila kompyuta na Configuration Manager, katika mashine moja baada ya nyingine, kazi ambayo sasa naiona ilikuwa ya kujionesha tu kwamba nahangaika. Bi Mkubwa wa masjala, aliyekuwa akinitazama tangu nilipoanza kazi, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, zote hizo unazozihangaikia ni za juu. Za huku chini, ukiacha hii yangu, zimeshabadilika zamani."

Ghorofa ya juu ilikuwa imefungiwa nyaya na swichi mpya za mtandao mwezi wa Oktoba, na nikaipa safu mpya ya anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kila kompyuta mtandaoni. Configuration Manager huijua kila kompyuta iko wapi kwa kuilinganisha anwani yake na mipaka ambayo msimamizi ameiandikisha, kisha huielekeza kwenye seva iliyofungamanishwa na mipaka hiyo. Kompyuta ambayo anwani yake haimo katika mpaka wowote inaweza kukaa ukuta mmoja na seva yenye faili isiambiwe kuwa ipo. Nilifungua faili la LocationServices.log, ambamo kompyuta huandika inavyotafuta seva, katika mashine moja ya juu, na mle ndani mlikuwa na ombi lile lile likirudiwa siku hadi siku, na kila jibu halikutaja seva hata moja. Faili hilo ningeweza kulisoma nikiwa Unguja. Niliiandikisha safu ile katika mipaka ya tawi, kazi ya dakika tatu, na baada ya swala ya adhuhuri mashine kumi zilikuwa zinapakua.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Bi Mkubwa mwenyewe. Hiyo ilikuwa chini, mzigo ilikwishaupata, lakini kila ilipojaribu kuhamia Windows 10 ilirudi na msimbo 0xC1900208, ambao maana yake ni kwamba ndani mna programu isiyopatana na mfumo mpya. Katika ripoti yangu niliijumlisha na zile kumi, jambo linaloonesha nilivyoisoma ripoti yenyewe. Kwenye folda ya Panther, ambamo kisakinishi huandika sababu zake, nilikuta jina la programu ya skana aliyoitumia kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi. Nilimwomba ruhusa niiondoe.

"Na skana yangu je?"

Nilimwahidi kuwa itafanya kazi. Saa kumi alasiri kompyuta yake ilikuwa na Windows 10, lakini haikuitambua skana. Ilibidi asubiri hadi wiki ya pili ya Januari, nilipompelekea draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia skana.