Achenheim: shimo la nafaka lililotupiwa watu

Kutoka Strasbourg hadi Achenheim, mashariki mwa Ufaransa, tulikwenda kwa baiskeli, mimi na shemeji yangu anayeishi huko, tukifuata njia ya kando ya mfereji wa Bruche. Mfereji huo ulichimbwa mwaka 1682 chini ya Vauban, mhandisi wa ngome wa mfalme Louis wa 14, ili mawe ya kujengea ngome ya Strasbourg yaletwe kwa maji. Njia ni tambarare, ina kivuli, na asubuhi ile tulipishana na wavuvi kuliko waendesha baiskeli.

"Shemeji, safari yote hii kutazama shimo?"

"Shimo lenyewe halipo tena," nikamjibu. "Nataka kuuona udongo."

Achenheim imekaa juu ya loesi, vumbi lililopeperushwa na upepo katika zama za barafu likatua tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa mita 30 hivi. Kando ya shamba moja la mahindi niliinama nikachota kidogo. Ni manjano, hauna hata kokoto, ukiusugua kati ya vidole unapukutika kama unga. Wafyatua matofali waliuchimba kwa miaka mingi, na maelfu ya miaka kabla yao wakulima wa kwanza waliupenda kwa kuwa unalimika hata kwa zana za mti na jiwe.

Udongo huo ndio uliowasaidia wanaakiolojia. Tangu sheria ya Januari 2001, serikali ya Ufaransa inaweza kuamuru ardhi ichunguzwe kabla ya ujenzi, na mwenye mradi hulipia. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, huja na ndoo isiyo na meno, kikabandua udongo wa juu kidogo kidogo, huku mtu akikifuata kwa macho yaliyoganda chini. Penye shimo la kale hutokea duara jeusi katikati ya manjano, maana shimo lilijaa udongo wenye mboji. Kwetu Dodoma majengo yanachomoza kila upande, na mara nyingi nawaza ni maduara mangapi yamezolewa na katapila bila mtu kutazama.

Hapa Achenheim palikusudiwa kujengwa eneo la shughuli za biashara. Inrap, taasisi ya taifa ya uchunguzi wa aina hiyo, ikakuta handaki la kujihami na mashimo 300 hivi ya kuhifadhia nafaka. Sisi mtama tunauweka juu ya ardhi, kwenye vihenge. Wakulima wale wa kale nafaka yao waliimimina ardhini, wakaziba mdomo kwa udongo. Punje zilizogusa ukuta wenye unyevu zilichipua, zikaimaliza oksijeni, wadudu wakakosa hewa, na nafaka iliyobaki ikakaa salama miezi na miezi. Ni maarifa ya watu waliofikiria njaa ya watoto wao mapema.

Katika shimo mojawapo, lenye upana wa mita mbili na nusu, hapakuwa na nafaka. Mwaka 2016 mwanaakiolojia Philippe Lefranc na wenzake walieleza walichokikuta humo: watu sita, wazima watano na kijana mmoja, wametupwa ovyo, pamoja na mikono minne ya kushoto iliyokatwa kwa watu wengine. Miguu, mbavu, mataya, mafuvu, vyote vimevunjwa, kwa mapigo mengi kuliko yanayotosha kuua. Ni miaka 6,000 hivi iliyopita.

Kesho yake tuliingia Makumbusho ya Akiolojia ya Strasbourg, katika jengo la Palais Rohan, jirani na kanisa kuu. Nilisimama mbele ya shoka za jiwe zilizosuguliwa. Ni ndogo, na makali yake bado yanang'aa. Lefranc anaamini ni silaha kama hizo zilizotumika.

Nilikuwa nimezoea kuyawaza mauaji yale kama uvamizi, yaani wageni kukishambulia kijiji. Utafiti uliotoka mwaka 2025 umenigeuza. Wataalamu walipima kemia ya mifupa na meno, kwa kuwa maji na chakula cha pale mtu alipokulia huacha alama mwilini. Mikono iliyokatwa ilikuwa ya watu wa maeneo ya karibu zaidi. Waliotupwa mwili mzima walitoka mbali zaidi. Watafiti wanaona wenyeji walikuwa wakisherehekea ushindi: mikono ya waliouawa vitani ililetwa nyumbani, na mateka waliletwa hai, wakateswa mbele ya kadamnasi.

Shemeji alisema vita ni vita, askari kwa askari. Sikukubaliana naye. Kusini ya hapo, Bergheim, mwaka 2012 lilichimbuliwa shimo jingine la zama zilezile. Chini yake kulikuwa na mikono saba ya kushoto, na juu yake miili, ikiwemo ya watoto.