Kitako Kilichokunjamana

Mkono wa pili wa rangi haukumaliza dakika tano nikaiona inaanza kujikunja. Ilianza sehemu ndogo tu, pale shavu linapoegemea, halafu ikatambaa kushuka chini hadi kitako kizima cha bunduki kikawa kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa yakasahauliwa jikoni. Nilikuwa nimesimama kwenye gereji ya nyumbani, hapa Brooklyn Park, Minnesota, Jumapili jioni, kopo mkononi, nikamkumbuka fundi wangu wa Tanga: "Wee mtoto, rangi haipigwi na mtu mwenye haraka."

Kabla sijavuka maji nilikaa miaka miwili kwenye gereji bubu pale Tanga, saidia fundi wa fundi rangi. Kwa hiyo mtu akiniambia sikujua, atakuwa ananionea huruma bure. Nilijua. Miaka yote miwili kazi yangu ilikuwa msasa wa maji na ndoo, nikisugua milango ya Hiace mpaka vidole vinaota sugu, na bomba la kupulizia nililishika labda mara tano.

Bunduki nazo sikuzikuta Marekani. Babu kule Handeni alikuwa na gobole, kitako chake cha mti kimekuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya viganja vya watu waliokwisha kufa. Kulipaka rangi gobole lile ingekuwa kama kumpaka babu mwenyewe.

Hii yangu haina historia hiyo. Ni raifoli ya mtumba, ya risasi za .308, nimeinunua dukani, nikajaza fomu ya serikali, jina langu likakaguliwa, nikaondoka nayo. Kitako ni cha plastiki nyeusi, kinateleza ukikishika na glavu, na mwenye nacho wa kwanza alikichubua pembeni kote kama aliyekuwa anakiburuta nyuma ya gari. Kitako kipya ni hela nyingi. Makopo matatu ya rangi ya kupuliza, kama dola 30.

Rafiki yangu mmoja Mkenya, tunayekwenda naye porini kuwinda paa, aliniuliza ya nini kujificha kwa rangi ya majani wakati sheria ya hapa inataka uvae kofia na nguo ya juu ya rangi ya chungwa inayowaka, au ya waridi, ambayo nayo iliruhusiwa 2017. Sisi wenyewe tunaonekana maili nzima. Na paa wa huku macho yao hayaitofautishi vizuri chungwa na kijani. Wanachokiona vizuri ni buluu, na kikubwa zaidi wanaona kitu kinachojongea na wanasikia harufu. Sikuwa na jibu. Nilitaka tu bunduki ikae kama yangu.

Nirudi kwenye kosa, maana lilikuwa moja lenye mikia miwili. Chumba cha chini ya nyumba kina joto zuri, lakini ndiko liliko tangi la kuchemshia maji, lile lenye kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana. Gesi ya kopo la rangi inashika moto. Mama watoto hakunipa nafasi hata ya kumaliza sentensi. Basi nikaenda gereji, Oktoba, nyuzi 8, wakati kopo limeandikwa wazi lisitumike chini ya nyuzi 10. Rangi kwenye baridi inakauka juu tu, chini bado uji. Mkia wa pili: kopo hilohilo linasema mkono unaofuata upige ndani ya saa moja, au usubiri saa 48. Mimi nilipiga baada ya saa tatu, kwa sababu mechi ilikuwa imeisha. Thina iliyomo kwenye mkono wa pili ikaingia kwenye ule wa kwanza uliokuwa haujakomaa, ukavimba, ukainuka, ukajikunja.

Nikakiacha siku nne kikauke kabisa na aibu yake. Halafu msasa namba 220, halafu 400 na maji, jioni mbili nzima. Nilishangaa mikono ilivyokumbuka. Mkono unajua lini msasa umeacha kukwaruza na umeanza kulainisha. Sauti yenyewe inabadilika.

Nikaosha kwa sabuni ya vyombo, nikafuta kwa spiriti, nikavaa glavu, kisha nikafanya kile fundi alichokuwa anakifanya kwenye kila boneti. Unamwaga maji kidogo juu. Yakitandaa yote kwa pamoja kama shuka, pako safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Pale mkono wa mbele unaposhika palinirudisha mara mbili.

Kuifungua bunduki ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ila usiifanye huku unaongea na simu. Risasi zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la chumba kingine. Nikatoa magazini, nikatoa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, nikaingiza na kidole kuhakikisha ni tupu. Skrubu mbili chini, ukizilegeza sehemu ya chuma inatoka nzima na mtutu wake. Nikaifunga kwenye shuka kuukuu nikaiweka mbali. Matundu ya skrubu na ule mfereji ambamo mtutu unalala nikaziba kwa masking tepu. Mfereji huo una sababu yake: mtutu hautakiwi kugusa plastiki, unatakiwa kuelea. Ukigusa, risasi zinaanza kwenda zinakotaka.

Mwishoni mwa Oktoba ikaja Jumamosi moja ya joto la kuibia, nyuzi 17, upepo hakuna. Nikakining'iniza kitako kwa waya wa hanga kwenye tawi nyuma ya nyumba, makopo nikayaweka dakika chache kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, si ya moto. Shubiri moja na vidole vitatu kutoka kwenye kitako. Unaanza kubonyeza ukiwa nje ya kitu, unapita, unaachia ukiwa nje tena. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, plastiki bado inaonekana. Hapo ndipo roho inapokuuma uongeze. Usiongeze.

Kaki kwanza, mikono mitatu, dakika kumi kumi katikati. Ya hudhurungi nikapitishia juu ya mfuko wa neti wa vitunguu niliouvuta ukabana. Ukiutoa unabaki na magamba kama ya kenge, na sioni kwa nini mtu anunue stensili. Kwa kijani cha jeshi nilikuwa nimekata nyasi kavu nyembamba za kukinga rangi, zibaki alama zake.

Binti yangu, miaka minane, akatokea. "Baba, na mimi nimeleta jani." Lilikuwa jani pana lenye vidole, lile la kwenye bendera ya Kanada, jekundu bichi kutoka uani kwa jirani. Nikamwambia hilo ni kubwa, halitakaa vizuri. Akaniangalia. Nikamvalisha miwani na barakoa, akalishikilia kwa kijiti, nikapuliza. Lipo pale upande wa kulia, kubwa, halifanani na kitu kingine chochote kwenye kitako kizima.

Juu nikapiga vanishi ya kupuliza isiyong'aa, mikono miwili, nikakiacha wiki nzima. Kuifunga upya nikapitisha noti ya dola kati ya mtutu na mfereji. Inatakiwa iteleze bila kukwama, ikakwama karibu na mwisho. Rangi ilikuwa imepenya chini ya tepu. Nikazungushia msasa kwenye penseli nikasugua kidogokidogo mpaka noti ikapita. Kwenye uwanja wa shabaha, yadi 100, risasi zikawa zinapiga inchi mbili kushoto, kitu cha kawaida ukishaitoa bunduki kwenye kitako, nikairekebisha darubini, basi.

Kabla ya kuifunga nilikuwa nimempigia fundi picha, kitako peke yake kikiwa kinaning'inia kwenye waya. Ana miaka zaidi ya sabini sasa, macho mabovu anasema mwenyewe. Nikamwandikia: "Shikamoo fundi, nimerudi kazini." Sauti yake ikaja baada ya saa moja, na jogoo anawika nyuma.

"Marahaba mwanangu. Hilo ni kafi la mtumbwi? Limependeza. Ila hapo chini, karibu na tundu, umeacha tone."

Nikakuza picha. Lipo.