Mzee wako aachie usukani lini?

Hii mada wengi tunaikwepa na naelewa kwa nini, maana kumwambia baba aliyekupeleka shule kwa gari lake kwamba sasa pumzika kuendesha, anaweza akaona umemwambia amekwisha. Lakini wazee wanaoendesha wanazidi kuwa wengi mtaani, walimu wastaafu, manesi, wafanyabiashara, kila mtu na Corolla yake ya siku nyingi, na hakuna mtu wa nje atakaekuja kukugongea mlango akuambie muda umefika. Ni sisi wa nyumbani ndo tunatakiwa tuone.

Kwetu Tanga. Mnaoijua Tanga mnajua ni mji tambarare na baiskeli haziishi, kule Ngamiani kila barabara ina makutano, alafu siku hizi kuna bajaji na boda zinatokea kila upande. Baba anaikaribia 80 na ameendesha maisha yake yote bila kugonga mtu. Kilichonishtua kwanza ni fenda ya mbele kushoto, ilikuwa na rangi ya bluu ya geti letu, alafu bampa ya nyuma ikaja na mchubuko upande uleule wa kushoto, na kila mchubuko una maelezo yake, mara boda alinibana mara hilo geti halikufunguliwa lote. Maelezo yote yanaingia akilini ukiyachukua mojamoja. Ila yote ni kushoto.

Cha pili ni mama. Mama hajawahi kushika usukani, ila siku nimepanda nao nikakaa nyuma nikamsikia, "baiskeli huku kushoto, subiri, subiri kwanza, haya pita." Kila makutano hivyohivyo, na baba anasubiri aambiwe ndo anakanyaga mafuta. Yaani mama ndo alikuwa saiti mira ya kushoto na hakuna mmoja kati yao aliyeona ni ajabu, walishazoea. Sasa mi nikajiuliza akienda msikitini alfajiri peke yake nani anamwambia?

Tukampeleka kwa daktari wa macho, akakutwa na presha ya macho. Huu ugonjwa ningependa kila mwenye mzazi auelewe, kwa sababu mara nyingi hauumi na hauleti wekundu wala machozi, unakula kuona kwa pembeni polepole huku katikati pakibaki safi kabisa. Mzee anasoma gazeti, anasoma namba za gari la mbele, ukimwambia huoni anakuona wewe ndo muongo na kwa upande wake ana haki, kwa sababu anachokiangalia anakiona vizuri, asichokiona hata hajui kama kipo. Na kuona kulikokwisha kupotea hakurudi, dawa inazuia tu ugonjwa usiendelee. Mtoto wa jicho ni tofauti, huo unafanya taa za magari usiku zitawanyike na kumpiga mtu machoni, lakini unafanyiwa operesheni na wengi wanarudi kuona vizuri, kwa hiyo usikimbilie kumnyang'anya mtu funguo kabla hajapimwa. Tena hata mzee asiye na ugonjwa wowote, akifika miaka 60 mwanga unaofika ndani ya jicho lake ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20. Baba usiku alishaacha kuendesha zamani bila kumwambia mtu, na hiyo nayo ni ishara, mzee akianza kukwepa usiku, kukwepa mvua, kukwepa kile kiplefti chenye magari mengi, ujue mwenyewe ameshahisi kitu.

Sio macho peke yake. Mwenye sukari ya muda mrefu miguu inakufa ganzi, hajui vizuri kama yuko kwenye breki au kwenye mafuta. Shingo ikikaza hageuki kuangalia nyuma wakati wa rivasi. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinampa mtu kusinzia, na wazee wanakunywa dawa nyingi kwa pamoja. Na akipotea njia ya kurudi nyumbani, njia aliyoipita miaka yote, hiyo usiijadili wiki ijayo, hapo gari linasimama leo.

Umri wenyewe haukwambii kitu. Yupo mzee wa zaidi ya 80 anaendesha kwa utulivu kuliko vijana, na yupo wa 62 aliyepata kiharusi ambae hafai kabisa kugusa usukani. Wenzetu wanatumia umri kama kengele tu ya kukumbusha, Uingereza leseni inaisha mtu akifika 70 na baada ya hapo anaihuisha kila miaka 3 akijaza mwenyewe hali ya afya yake, Japani ukifika 75 unapimwa kumbukumbu na uelewa kabla ya kuhuisha. Na bado ajali zinatokea. Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akiwa na miaka 97 aliingia barabara kuu karibu na Sandringham akagongana na gari lenye wanawake wawili na mtoto mchanga, la kwake likapinduka, mwanamke mmoja akavunjika mkono, alisema jua lilimpiga machoni. Mwezi uliofuata akarudisha leseni mwenyewe. Angalieni ilipotokea, ni kwenye kuingia barabara kuu, palepale wazee wengi wanapokosea, kukadiria gari linalokuja liko mbali kiasi gani na lina spidi gani. Aprili mwaka huohuo, Ikebukuro pale Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani ni breki, akamuua mama na binti yake wa miaka 3 waliokuwa kwenye baiskeli. Akahukumiwa miaka 5 jela. Mahakamani alishikilia kwamba gari ndo lilikuwa bovu. Mi hii inaniuma mpaka leo, yule mama na mtoto kwanza, na pia familia ya yule mzee, sijui walikuwa wameona nini kabla wakanyamaza.

Sasa jinsi ya kumwambia. Usifiche funguo, usimwambie mbele ya wajukuu, na usiende kama kikao cha watoto wote mmemzunguka, hiyo ni kumdhalilisha. Daktari alimwambia baba wazi aache, baba akasema huyo daktari kijana. Aliyeweza ni shangazi, dada yake mkubwa, walikaa wawili barazani na mi nilikuwa ndani nikasikia akimwambia, "Kaka, mtoto wa watu akitokea kushoto hutamuona, na najua wewe huwezi kuishi na hilo." Baba alinyamaza kidogo. Alafu hakubisha habari ya macho tena, aliuliza, "Sasa alfajiri msikitini ntaendaje?"

Hilo swali ndo lenyewe. Mzee hapiganii gari, anapigania msikiti, kanisa, kliniki, shamba, misiba na kijiwe cha wenzake, na ukimnyima vyote hivyo akabaki anakaa ndani ataanza kusononeka, nimewaona wazee wa hivyo. Kwa hiyo kabla hamjafungua mdomo mjue kila safari yake itabebwa na nani. Sisi tulimpata kijana wa bajaji wa mtaani, mmoja huyohuyo asibadilike, tunamlipa kwa mwezi, alfajiri anapiga honi mara moja getini na anamwamkia mzee kwa heshima zote. Shamba la Muheza mdogo wangu anampeleka wikiendi kwa lile gari la wazee. Watoto tulio mbali tunachanga. Ukitoa mafuta, matairi na fundi wa kila mara, hela yenyewe haijazidi sana.

Na mama sasa anaongea habari zingine njiani.